Hezi Hamsini

Saa tatu usiku, Wrocław, theluji imeziba nusu ya dirisha.
Tramu ya mwisho nimeichuja kwa kufunga milango miwili.
Nina spika mbili, kiti kibovu, chai iliyopoa,
na visawazishi vitatu ndani ya kompyuta
vinavyogombea sauti moja:
akodiani ya marehemu Ziemowit, dakika nne na ushei,
iliyorekodiwa jikoni kwa simu ya mjukuu.

"Isafishe," Bi Halszka aliniambia.
"Nataka nimsikie yeye tu."

Cha kwanza ni kisafi kupindukia.
Nikiomba desibeli mbili, kinanipa mbili;
hakiongezi chumvi, hakiulizi habari za nyumbani.
Karani wa benki: noti zimehesabiwa, dirisha limefungwa.
Nikapandisha kule juu, hezi elfu kumi,
nikasikia kucha za mzee zikigonga vitufe,
nikasikia vumbi, nikasikia kila kitu
ila sababu ya kuendelea kusikiliza.

Cha pili kinaiga mtambo wa kale wa vali,
yale makabati yaliyopasha moto vyumba vya redio.
Hiki kina maneno yake. Kabla sijagusa kitu
sauti imekwisha kuvaa koti la sufu.
Besi inaumuka kama mkate uliotiwa hamira,
na ule ukali wa katikati, unaotia meno ganzi,
unalainika, unakaa, unakunja miguu.
Nilikipenda upesi. Ndiyo maana nikakishuku:
kinamfanya kila mpigaji kuwa tajiri,
na Ziemowit alikuwa fundi bomba.

Cha tatu husifiwa kwa hesabu zake.
Mawimbi yote yanafika pamoja, bega kwa bega,
hakuna la chini linalochelewa.
Lakini nikikata kwa nguvu huku chini
kila pigo la mguu wake sakafuni
linatanguliwa na kivuli chake,
kitu kidogo tu, ffu, kabla ya du,
kana kwamba jiko lilijua mguu utashuka.
Nilisisimka, nikakizima.
Mzee ameshatutangulia mara moja; inatosha.

Na chini ya hayo yote: mmm.
Hezi hamsini, na mtoto wake mia moja,
na mjukuu wake mia na hamsini,
ukoo mzima umejipanga kwenye skrini kama mishumaa.
Friji.

Nikamwita karani, nikampa wembe mwembamba.
Mmm ikatoka bila tone la damu.
Nikapaka kidogo cha pili juu yake.
Nikalala nimeridhika, kama wanavyolala wajinga.

Asubuhi Bi Halszka alikuja na keki ya mbegu za popi,
akaketi bila kuvua kofia.
Dakika ya pili, pale mumewe anapokosea noti na kucheka,
akainua mkono.
"Friji yetu iko wapi?"

Nikaanza kueleza habari za masafa.
Akanisubiri nimalize, kwa adabu, kama unavyomsubiri
mtoto amalize kukusomea bango la barabarani.
"Ile friji ndiyo iliyompa sauti ya kuanzia," akasema.
"Aliivuta akodiani taratibu mpaka zipatane.
Ilipoharibika Machi, wiki tatu hakupiga.
Sasa umemtoa jikoni. Anachekea wapi huyu?"

Wasema sikio halipiti kichwa.
Kwenye kiti hiki nimekula mkate miaka kumi na minne
kwa kuamini kinyume chake.

Nikarudisha mmm, yeye na ukoo wake.
Kicheko kikapata ukuta wa kuegemea.
Bi Halszka akavua kofia.

Sikumtoza. Hapana, nilimtoza nusu;
chumba hiki nacho kina bili ya joto.
Na niliacha nusu desibeli ya kile cha pili
juu ya kicheko, pale tu, sekunde nne.
Hakuitambua.
Au aliitambua, akanikatia kipande kikubwa cha keki,
akanyamaza.